Deni la Haki Halilipwi kwa Sadaka



Mwaka 2025 tulialikwa kuadhimisha Misa ya shukrani ya walimu waliohitimu pamoja katika chuo kimoja cha ualimu mwaka 1985. Miaka 40 ilikuwa imepita, na wengi wao walikuwa wamestaafu au wakikaribia kustaafu. Walikumbatiana, wakaitana kwa majina ya utani ya bwenini, wakasoma orodha ya marehemu wao, na baadhi wakatokwa na machozi. Mmoja wao ndiye aliyetufundisha kusoma na kuandika tulipokuwa darasa la kwanza; hivyo tulisimama altareni tukiwa padre mbele ya wote, lakini mbele yake tukiwa bado mwanafunzi.

Baada ya Misa waliikabidhi shule ya mazoezi iliyo jirani na chuo tangi la maji na madawati 30. Ni shuleni hapo walipojifunza kushika chaki. Jambo hilo ni jema, nasi tulimshukuru Mungu. Hata hivyo, siku ile kulikuwa na mambo mawili yaliyotunyima usingizi, nayo tunayaleta kwenu tuyatafakari pamoja.

La kwanza, mwenzao mmoja hakuwapo. Ni mama mjane aliyefundisha kijijini mpaka siku ya kustaafu, naye ni muumini wa kigango chetu kimojawapo. Mchango wa sherehe ulikuwa shilingi 200,000 kwa kila mmoja, na asiyetoa hakuandikwa katika orodha ya waalikwa. Tulipomtembelea alituambia tu kwamba siku ile alikuwa na homa.

La pili, mzee aliyewapikia chuoni alifika bila mwaliko, kwa kuwa alisikia muziki. Walimtambua, wakampigia makofi na kupiga naye picha, kisha akapewa sahani ya chakula chini ya mwembe. Hakuna aliyemwuliza anaishije.

Ndugu wapendwa, hatuandiki haya ili kuwahukumu walimu wetu. Twayaandika kwa sababu siku hizi vikundi vya waliosoma pamoja vimekuwa vingi, na karibu vyote vina nia ya kutoa msaada. Nia hiyo inastahili kuongozwa vema.

Swali la msingi ni hili: wanachotoa ni hisani au ni deni? Waliosoma vyuo vya ualimu vya serikali wakati ule walisomeshwa kwa fedha ya umma, yaani kwa jasho la mkulima wa pamba, wa kahawa na wa korosho, ambaye mara nyingi mtoto wake mwenyewe hakupata nafasi ya kuendelea na masomo. Katika miaka ya mwanzo ya uhuru, Mwalimu Nyerere alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta chakula kingine. Mtu huyo akishiba asirudi, amekisaliti kijiji. Na akirudi, hajakifanyia kijiji fadhila, ametimiza alilotumwa. Mtume Paulo naye anawauliza Wakorintho wana kitu gani ambacho hawakukipokea (1 Kor 4:7).

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Hati juu ya Utume wa Walei ya mwaka 1965, namba 8, unatufundisha kwamba madai ya haki yatangulie kutimizwa, ili kisitolewe kama zawadi ya mapendo kile ambacho mtu anastahili kwa haki. Tena unataka tuondoe vyanzo vya maovu, si matokeo yake tu, na tuwasaidie watu kwa namna itakayowawezesha kujitegemea. Baba Mtakatifu Benedikto wa XVI alilirudia fundisho hilo mwaka 2009 katika waraka wake juu ya mapendo katika ukweli: hatuwezi kumpa mtu kilicho chetu kabla hatujampa kilicho chake.

Huenda mmoja wenu atasema: "Padre, watoto wana kiu leo. Je, wangoje mpaka haki ipatikane?" La hasha! Mwenye kiu anyweshwe leo. Lakini aliyemnywesha leo hana budi kuuliza kesho kwa nini kisima kimekauka. Tangu Januari 2016 ada ilifutwa katika shule za serikali hadi kidato cha nne, na utaratibu ukaweka ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi na shilingi 25,000 kwa wa sekondari kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo, shule ya msingi yenye watoto 600 hustahili shilingi 6,000,000 kwa mwaka. Ni wazazi wangapi katika jumuiya zetu ndogo ndogo wanaoijua hesabu hii? Ni wangapi wanaohudhuria mkutano wa shule na kuuliza kwa adabu fedha zilizofika ni kiasi gani na zimetumikaje?

Hapo ndipo mwalimu mstaafu ana zawadi kubwa kuliko tangi la maji. Yeye anajua kusoma daftari la mahudhurio na daftari la mapokezi. Anajua kamati ya shule ina wajibu gani. Akiketi na wazazi jioni mbili tatu akawafundisha kuuliza, atakuwa amewapa kitu kisichopasuka wala kuibiwa.

Kwa hiyo twawashauri waliosoma pamoja wanaotaka kutoa msaada mambo manne. Kwanza, mchango uwe kwa kadiri ya uwezo, na kiasi alichotoa mtu kisitangazwe. Pili, wahitaji wa kwanza watafutwe ndani ya darasa lenyewe na miongoni mwa waliowahudumia: wapishi, walinzi, walimu wazee. Tatu, wenye shule waulizwe wanahitaji nini kabla ya kununua, na baada ya kukabidhi watembelewe tena. Nne, heshima ya anayepokea ilindwe; mtoto asilazimishwe kusimama mbele ya kamera ili mtoaji aonekane. Bwana wetu amekwisha kutuagiza tusipige tarumbeta (Mt 6:2), na tuandaapo karamu tuwaalike wasioweza kutulipa (Lk 14:12-14).

Nasi mapadre tusijitoe katika maonyo haya. Tuliosoma seminari pamoja nasi hukutana katika jubilei, na mara nyingi gharama hubebwa na waamini. Halafu kuna parokia zinazotuma misaada mbali wakati wa Kwaresima, huku katekista wao hajapata posho yake kwa miezi kadhaa. Yule katekista hadai sadaka. Anadai haki yake, na kila kapu la matoleo linalopita mbele yake linatushuhudia. Tunawaomba wenyeviti wa halmashauri za walei walitazame jambo hili katika kikao chao kijacho, kabla ya kupanga sherehe nyingine yoyote.

Baada ya siku ile tulimwendea mwenyekiti wa walimu wale, tukamweleza habari ya mama mjane na ya mzee mpishi. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akatuuliza njia ya kwenda kwa yule mama, akasema angependa kwenda bila kupiga simu, asije akaambiwa tena kwamba ana homa.

Mungu wa haki na amani awe nanyi nyote.