Mtoto Anadai Siku Ngapi za Shule?

Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 ina makali inapomgusa mzazi. Mzazi asiyempeleka mtoto shuleni bila sababu ya maana ametenda kosa, na anaweza kutozwa faini au kufungwa. Kifungu cha 37 cha sheria hiyo kinapiga marufuku masomo ya likizo, na anayekikiuka ana adhabu yake. Kanuni za mwaka 2015 zikaongeza saa: shule ya kutwa ifundishe kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri. Mzazi ameambiwa wajibu wake na mwalimu ameambiwa mipaka yake. Ila Sheria hiyo haitaji mtoto anaidai serikali siku ngapi za kufundishwa kwa mwaka, wala zikipotea ni nani atakayezilipa.

Pengo hili lizibwe na Bunge. Waraka wa wizara hautoshi, kwa sababu kinachotolewa kwa waraka hufutwa kwa waraka.

Wapo watakaosema kwamba hesabu tayari ipo, maana tumezoea kusikia kuwa mwaka wa shule una wiki 39. Tuichukue kalenda ya 2025 na tuihesabu. Muhula wa kwanza ulianza tarehe 6 Januari ukafungwa 4 Aprili, wiki 13. Wa pili ukaanza 28 Aprili hadi 1 Agosti, wiki 14. Wa tatu ukaanza 25 Agosti na kwisha 24 Oktoba, wiki 9 tu, kisha shule zikaachiwa watahiniwa. Kwa mtoto asiye mtahiniwa hizo ni wiki 36, yaani siku 180 za kazi. Humo bado hujatoa likizo fupi za katikati ya muhula wala sikukuu zilizoangukia siku za masomo. Mwezi wa Oktoba pekee ulikuwa na Siku ya Mazingira tarehe 10, siku ya mapumziko ya mazishi ya kitaifa ya Raila Odinga tarehe 17, na Mashujaa tarehe 20. Hakuna Mkenya mwenye utu atakayelalamikia siku ya kumuaga Raila. Lakini siku tatu zilitoka ndani ya siku kumi na moja, katika muhula wa wiki tisa, na hakuna aliyelazimika kusema zitarudishwa lini.

Ukishatoa hizo zote unabaki na siku zinazokaribia 170, na huo ni mwaka wa kalenda iliyofuatwa. Toa tena wiki za mitihani ya ndani, siku za michezo na za tamasha la muziki, na siku za maandamano ambapo wazazi wa mijini waliwafungia watoto nyumbani kwa kuhofia vitoa machozi na risasi. Kila moja ina sababu yake, na nyingine zina manufaa makubwa kwa mtoto. Ninachouliza ni nani anazijumlisha.

Mwaka 2015 walimu waligoma muhula wa tatu ulipokuwa unaanza, wakidai nyongeza ya mishahara waliyokuwa wameishinda mahakamani. Mgomo ulichukua takriban wiki tano, na katikati yake serikali ikaamuru shule zifungwe. Mitihani ya kitaifa haikusogezwa. Mtahiniwa wa shule ya umma ya kijijini alikaa chumba cha mtihani na karatasi ileile aliyopewa mwenzake ambaye mzazi wake alikuwa na uwezo wa kumlipia mwalimu wa nyumbani wiki zote zile. Mwaka 2022 shule zilifungwa kupisha uchaguzi wa Agosti na kufunguliwa kukacheleweshwa. Mwaka 2024 mafuriko yalisogeza ufunguzi wa muhula wa pili kutoka 29 Aprili hadi 13 Mei, na ulipofika muhula wa tatu, chama cha walimu cha KUPPET kikaitisha mgomo wake.

Hasara hizi haziwaangukii watoto wote sawasawa, na hapa ndipo hoja yangu inaposimama. Mafuriko ya 2024 yalipopungua, shule za Nairobi zilifunguliwa. Kwingineko, kama Tana River, madarasa mengine yalikuwa yamegeuka makao ya waliohamishwa na maji. Huko Baringo na Pokot Magharibi, wezi wa mifugo wanapovamia, shule hufungwa bila tangazo lolote la waziri, na hufunguliwa walimu wakithubutu kurudi. Baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe, Garissa, Januari 2020, Tume ya Huduma za Walimu (TSC) iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji wa kaskazini mashariki, na madarasa yakabaki na watoto bila wa kuwafundisha. Kalenda ya taifa inasema watoto hao walisoma wiki sawa na wa Kiambu. Sheria inayotaja siku, na inayotaka zihesabiwe shule kwa shule, ingeiondolea serikali uwezo wa kutulia na takwimu hiyo.

Kwamba siku zilizopotea zinaweza kulipwa, tumejionea. Shule zilifungwa katikati ya Machi 2020 kwa sababu ya korona. Wanafunzi wa Gredi ya 4, darasa la nane na kidato cha nne walirudi Oktoba, na wengine wote Januari 2021. Ili kurudisha muda, wizara ilibana mihula na kupunguza likizo hadi kalenda iliporejea kawaida yake Januari 2023. Kati ya Machi 2021 na Desemba 2022 nchi ilifanya mitihani mitatu ya KCSE. Kazi ilikuwa nzito, watoto na walimu walichoka, na wazazi walijikuta wakitafuta karo ya muhula mpya kabla hawajamaliza deni la uliotangulia. Hata hivyo nchi ilikubali kwamba muda ule ulikuwa wa watoto na ulipaswa kurudi kwao. Mgomo wa wiki tano haujawahi kupewa uzito huo.

Jimbo la Hawaii nchini Marekani lilipitia jambo linalofanana. Mwaka 2009, likiwa limeishiwa fedha, lilikubaliana na walimu wake wakae nyumbani bila malipo Ijumaa 17 katika mwaka mmoja wa masomo. Siku za shule zikashuka hadi 163, na Wamarekani wakapigwa na butwaa, maana majimbo yao mengi yana kiwango cha siku 180. Makubaliano hayo hayakukiuka sheria ya jimbo kwa sababu jimbo halikuwa na kima cha chini kisheria. Wazazi walipaza sauti, fedha zikapatikana kutoka kwenye hazina ya dharura ya vimbunga, na mwaka 2010 bunge la jimbo likapitisha sheria ya siku 180, pamoja na idadi ya saa za kufundishwa. Utekelezaji ulisumbua na sheria ikalazimika kurekebishwa. Msomaji alinganishe: siku 163 zilizowashtua Wamarekani haziko mbali na zile anazobaki nazo mtoto wa Kenya katika mwaka ambao mambo yamekwenda vizuri.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote ni kwamba siku ya kufunguliwa lango si siku ya kufundishwa. Utafiti wa Benki ya Dunia uliotolewa mwaka 2013 uligundua kwamba watafiti walipofika bila taarifa katika shule za msingi za umma Kenya, karibu nusu ya walimu hawakuwa darasani wakifundisha, na wengi wao walikuwa ndani ya ua wa shule. Nalikubali jambo hilo kwa uzito wake. Ndiyo maana sheria isihesabu siku za lango. Siku ihesabiwe ikiwa masomo ya ratiba yamefundishwa, rejista ya darasa imetiwa sahihi, na bodi ya shule, yenye wazazi ndani yake, imethibitisha.

Pingamizi la pili linatoka Ujerumani. Kati ya 1966 na 1967, majimbo mengi ya Ujerumani Magharibi yalifupisha miaka miwili ya masomo hadi wiki 24 kila mmoja, ili kuhamisha mwanzo wa mwaka wa shule. Mwanauchumi Jörn-Steffen Pischke alipofuatilia wanafunzi hao, aliona kuwa waliorudia darasa katika shule za msingi waliongezeka na walioingia shule za ngazi ya juu walipungua, lakini mishahara yao ya ukubwani haikuathirika. Je, basi siku hazina uzito? Wajerumani walijua mapema, walipanga, na upungufu ulimgusa kila mtoto wa jimbo husika. Mafuriko ya Tana River hayampi mwalimu nafasi ya kupanga. Utafiti wa Argentina kuhusu migomo ya walimu, ambayo huja bila mpangilio, ulikuta kuwa watoto waliokumbwa nayo wakiwa shule ya msingi walipata kipato kidogo zaidi walipokuwa watu wazima.

Tuje kwenye fedha, maana hapo ndipo sheria nyingi nzuri hufia. Mgao wa serikali kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa ni Sh22,244 kwa mwaka, unaopaswa kutolewa kwa sehemu tatu: asilimia 50, 30 na 20. Pesa huchelewa, au hufika pungufu. Julai 2025 Waziri wa Fedha, John Mbadi, aliwaambia wabunge kwamba hazina haimudu kiasi hicho kikamilifu. Mwalimu mkuu mwenye deni kwa muuza mahindi, na mwenye wafanyakazi wasiolipwa, hufunga shule siku chache mapema na kumwambia mzazi kuwa muhula umekwisha. Siku hizo haziandikwi popote. Sheria ikitaja siku, mwalimu mkuu huyo atakuwa na hoja mkononi: siku alizoagizwa kufundisha zina gharama, na aliyeagiza ndiye mlipaji.

Ningependekeza kima cha siku 165. Wengine watasema ni kidogo, na kweli ningependa 180. Lakini kima kisichofikika kitazaa rejista za uongo kuanzia Mandera hadi Migori, na mwalimu mkuu atakuwa anatia sahihi asichokiamini. Afadhali idadi inayofikika leo, isiyoshushwa na waziri yeyote, na inayoweza kupandishwa na Bunge kadiri fedha zinavyoruhusu.

Siku zilizopotea shule ikishuka chini ya hapo zilipwe ndani ya miezi 12, Jumamosi au katika likizo, bila mzazi kutozwa hata shilingi moja. Kifungu cha 37 kirekebishwe kwa ajili hiyo tu, kwa sababu marufuku yale yalikusudiwa kuwalinda wazazi na ada za tuisheni. Mwalimu anayefundisha siku za fidia alipwe, na haki yake ya kugoma, iliyomo katika Kifungu cha 41 cha Katiba, isiguswe. Wanaotaka kuitumia sheria hii kama kiboko cha kuvipigia vyama vya walimu, KNUT na KUPPET, wataiua kabla haijazaliwa, kwa kuwa mgomo una pande mbili, na mara nyingi upande uliovunja ahadi ni ule wenye hazina.

Kwa maeneo ya wafugaji, sheria iruhusu kaunti kupanga mihula yake kulingana na mvua na kuhama kwa mifugo, mradi jumla ya siku itimie. Kila mwisho wa Februari, Waziri wa Elimu awasilishe bungeni idadi ya siku zilizofundishwa mwaka uliotangulia katika kila kaunti ndogo, na zile zilizofidiwa. Mbunge wa Tiaty au wa Garsen akiikuta kaunti ndogo yake ina siku 120 huku nyingine zina 168, atakuwa na la kumuuliza waziri, na waziri atakuwa chini ya sheria anapojibu.