Haja au Israfu: Kipozajoto cha Kadi ya Kompyuta



Juma hili twajibu barua ya mama mmoja wa Ras Kitau, ng'ambo ya Shela, katika kisiwa cha Manda. Mama huyu atuambia kwamba mwanawe, kijana wa miaka 22, huchora kwa kompyuta picha za nyumba ambazo hazijajengwa bado, ili mwenye kiwanja aione nyumba yake kabla ya jiwe la kwanza kulazwa. Kazi hiyo ndiyo ilipayo karo ya wadogo zake wawili. Tangu kaskazi iliyopita kompyuta imekuwa ikizimika katikati ya kazi, na sasa kijana amwomba mamake shilingi 14,500 katika fedha za mchezo wa akina mama, apate kuagiza kipozajoto kikubwa kutoka nje. Mama auliza: je, kitu hiki ni haja au ni israfu? Na je, si afadhali kuiuza kompyuta hiyo, inunuliwe nyingine?

Tuanze na hilo la pili kwa kuwa ni jepesi. Kuuza si haramu, bali muuzaji yampasa kuitaja aibu ya kitu anachokiuza. Akiitaja, bei itaanguka na fedha zitakazopatikana hazitanunua kompyuta yenye uwezo kama huo. Akiificha, ameghushi. Na kijana huyu mwenyewe alinunua kompyuta hiyo Mombasa ikiwa imekwisha tumika, na aliyemuuzia hakumwambia kwamba mojawapo ya feni zake haizunguki. Hatudhani mama yetu ataka mwanawe amtendee mwingine vivyo hivyo.

Swali la israfu lina uzito zaidi. Israfu ni kutumia kupita haja. Basi hapana budi haja ijulikane kwanza, na haja ya mashine hujulikana kwa kuipima. Kwa kuwa kompyuta za madrasa yetu tumezitunza kwa mikono yetu miaka mingi, tulivuka kwenda Ras Kitau siku tatu mbalimbali, tukiwa na kipimajoto cha ukutani, brashi mpya ya rangi na daftari.

Ndani ya kompyuta za namna hii mna kibao kinachoitwa kadi ya michoro. Hicho ndicho kifanyacho hesabu za mwanga, vivuli na rangi. Kadi ya kijana huyu ni ya aina ya GTX 1060 ya kampuni ya Nvidia, iliyotoka mwaka 2016, nayo ikifanya kazi kwa nguvu zake zote hula umeme wa wati 120. Umeme huo karibu wote hugeuka joto. Akina mama wazikumbuke zile balbu za zamani za wati 60 ambazo hazishikiki kwa mkono: hapa zimo mbili, na sehemu kubwa ya joto lao yatoka katika kijipande kisichozidi upana wa stempu ndogo.

Joto hilo lisipoondolewa, kadi hujilinda kwa kupunguza mwendo wake, na likizidi tena mashine huzimika. Kiwango cha mwisho alichokiweka mtengenezaji kwa kadi hii ni nyuzi 94 za Selsiasi. Kwa hiyo juu ya kile kijipande hukaa kipande cha chuma, na kati yao hupakwa dawa nzito ya kijivu mfano wa dawa ya meno, ambayo kazi yake ni kuziba vijitundu visivyoonekana vyenye hewa. Shaba hupitisha joto zaidi ya mara 10,000 kuliko hewa iliyotulia, basi hata utando mwembamba wa hewa ni ukuta. Kutoka hapo joto hupanda kwa mabomba membamba ya shaba hadi kwenye mapezi mengi ya alumini, na feni huyapuliza mapezi hayo.

Yale mabomba yastahili maneno zaidi, kwani yanashangaza. Si vyuma vitupu. Ndani yake mna maji machache sana katika hali ya kukosa hewa, ndiyo maana maji hayo huchemka bila kungoja nyuzi 100. Upande wa moto maji huwa mvuke, mvuke hukimbilia upande wa baridi, hapo hurudi kuwa maji, kisha hunyonywa na utambi wa ndani hadi yalikotoka. Kila mama aliyepata kuweka mtungi barazani yajua nusu ya elimu hii: maji yakigeuka mvuke huondoka na joto. Tofauti ni kwamba mtungi hupoteza maji yake na bomba halipotezi hata tone. Tena mtungi waweza kuyapoza maji yakawa baridi kuliko hewa ya barazani, lakini kipozajoto cha feni, hata kiwe cha bei gani, hakiwezi kamwe kuipoza kadi ikawa baridi kuliko hewa ya chumba.

Neno hili la mwisho ndilo ufunguo wa kupima. Mtu aliyeko Ulaya katika chumba cha nyuzi 20 akisema kadi yake imefika nyuzi 65, habari yake haitufai mpaka tutoe hewa ya chumba chake. Kadi yake imezidi hewa kwa nyuzi 45. Katika chumba cha Ras Kitau mwezi Machi, hewa ikiwa nyuzi 32, kipozajoto kilekile kitatoa nyuzi 77 kwa kukadiria. Watu wengi huagiza vifaa kwa kusoma nambari ya kwanza tu, kisha wakailaumu bahari.

Kijana alikuwa amekwisha chagua. Alivutiwa na Morpheus cha Raijintek, chenye mabomba 12, ambacho huuzwa bila feni, na baada yake Accelero Xtreme III cha Arctic, chenye mabomba matano na feni tatu za milimita 92. Ni vipozajoto vizuri, hatuna la kuvitia ila. Ila vyote viwili viliundwa kwa ajili ya kadi zenye moto mara mbili ya huu. Tena kuvifunga kwahitaji kuking'oa chuma cha kwanza chote, na chuma hicho hakipozi kijipande cha katikati peke yake, bali kwa vitambaa laini hugusa na vile vijipande vya kumbukumbu vilivyokizunguka. Mwenye kuking'oa yambidi abandike vijichuma vidogo kimoja kimoja kwa gundi, na katika joto letu gundi mbaya huachia. Mtu huiona nambari ya katikati imeshuka akafurahi, kumbe kumbukumbu zaungua pembeni.

Kuna na jambo la usafiri. Kipozajoto kile kikubwa, kabla ya feni, kina uzito wa kama nusu kilo, nacho huning'inia kwenye kadi iliyolala ubavu. Sanduku hili huvushwa kwa mashua kwenda Amu kila kijana anapokuwa na mteja wa kuonyeshwa kazi, na mkondo wa Shela wakati wa kusi twaujua sote.

Tulipima saa moja kila siku, baada ya alasiri, sanduku likiwa limefungwa kama linavyotumika, kipimajoto kikining'inia karibu na mahali panapoingilia hewa. Hatukutumia zile programu zilizotungwa kwa ajili ya kuichosha kadi tu. Tulitumia picha mojawapo ya kijana mwenyewe, ya dakika 40, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi inayolipa karo. Tukaandika joto kila baada ya dakika tano mpaka lilipoacha kupanda. Dakika kumi za mwanzo hazina ushahidi wowote, kwani chuma kizito huchukua muda kushiba. Hewa ya chumba ilikuwa nyuzi 27 siku zote tatu, na hiyo ilikuwa bahati njema kwetu.

Siku ya kwanza tuliipima kama ilivyo. Feni moja yazunguka, nyingine imekufa, na katikati ya mapezi mna mchanga mwembamba ulioshikana na unyevu wa chumvi ukawa kama ukoga. Kadi ilifika nyuzi 91, ikapunguza mwendo, na picha ya dakika 40 ikachukua dakika 52. Toa 27, imezidi hewa kwa 64. Ongeza nyuzi 32 za Machi, wapata 96, nayo imepita kile kiwango cha mwisho. Mama akasema, "Kumbe ndiyo sababu ikizimika mwezi wa Ramadhani, nami nikadhani ni betri za jua." Wala hakuwa mbali sana na haki kwa kudhani hivyo, kwani nyumba ile yategemea umeme wa jua.

Siku ya pili tulisafisha. Mchanga tuliuondoa kwa brashi kavu, feni ikizuiwa kwa kidole isizunguke, dawa ya zamani iliyokauka kama udongo tukaifuta kwa spiriti, tukapaka mpya kiasi cha punje moja ya mbaazi. Nyuzi 86. Kisha, bila kutoa hata senti, tukaiamuru kadi kwa programu ya bure isile zaidi ya sehemu 75 katika 100 za umeme wake. Nyuzi 77, na picha ikamalizika kwa dakika 43. Mwendo uliopotea ni kidogo mno, umeme uliookolewa ni mwingi, na kwa nyumba ya betri hilo lina thamani yake.

Hapo baadhi ya watu wangesimama. Sisi hatukuridhika, kwani 77 kutoa 27 ni 50, na 50 juu ya 32 ni 82, na feni moja iliyobaki ilikuwa ikilia kwa kasi yake yote. Feni hiyo nayo ikifa usiku, kazi yote yasimama.

Siku ya tatu tulifanya lile tulilolipendekeza badala ya kipozajoto kipya. Chuma cha kwanza na mapezi yake vilibaki mahali pake, pamoja na vile vitambaa vya kumbukumbu. Tulichokitoa ni ganda la plastiki na feni zake ndogo mbili, na mahali pake tukafunga kwa vikanda vya plastiki feni mbili za kompyuta za milimita 120, zenye kupuliza kuelekea kwenye mapezi. Feni pana huvuta hewa nyingi kwa kuzunguka polepole, ndiyo maana kelele zake ni chache. Zote mbili pamoja na usafiri ziligharimu shilingi 3,200. Tulimshauri kijana asichague zile za bei ya chini kabisa, kwani katika joto mafuta ya mhimili wao hukauka upesi.

Waya zake ziliunganishwa kwenye kibao kikuu cha kompyuta, na hapa pana hila ya kujihadhari nayo: kibao kikuu hukisikiliza kijipande kingine, prosesa, wala hakijui kadi ya michoro ina joto gani. Ikiachwa hivyo, kadi yaweza kuungua huku feni zikisinzia. Tuliziweka feni zizunguke kwa kasi moja isiyobadilika, ya kati.

Kwa nguvu zote za kadi, bila ule upunguzaji wa umeme, joto lilisimama nyuzi 64. Limezidi hewa kwa 37, nayo juu ya 32 za Machi ni 69. Picha ilimalizika kwa dakika 40 kamili. Chumbani zilisikika sauti za mawimbi na za watoto; sauti ya kompyuta ilihitaji kutafutwa.

Basi jibu letu kwa mama yetu ni hili. Kuipoza kadi ni haja, wala hapana shaka, kwani ni chombo cha riziki kama tanga lilivyo kwa nahodha. Shilingi 14,500 zingekuwa kupita haja, na sehemu iliyozidi arudishe katika mchezo. Lau kadi ingekuwa ile yenye kula wati 250, au lau chuma chake cha kwanza kingekuwa kimevunjika, tungesema neno jingine, na jirani yake mwenye kadi ya namna hiyo asije akatunukuu.

Imebaki kazi ya nyumbani, na hii ni ya mama zaidi kuliko ya kijana. Kile kitambaa kizuri cha kufuma kinachofunika sanduku kiondolewe wakati kompyuta inapowaka, kwani kimeziba matundu ya juu. Sanduku lisiwekwe sakafuni penye mchanga wala chini ya dirisha linalotazama bahari, kwani shaba na alumini vikigusana penye unyevu wa chumvi, alumini huliwa. Lisifungiwe kabatini vilevile. Brashi kavu ipitishwe kila mwezi, na vile vikanda vya plastiki vitazamwe, kwani joto huvifanya vikakatika.

Kijana ameahidi kutuandikia nambari za mwezi Machi, chumba kikiwa na joto lake lenyewe. Zikitufikia tutazichapa hapa, ziwe zimetuunga mkono au zimetupinga. Wallahu aalam.