Mpeni mkutubi saa moja kila wiki

Kijana wa Ruiru, ukitaka kuomba mkopo wa HELB, kuchagua kozi kwenye tovuti ya KUCCPS au kujaza ritani za KRA kabla ya Juni 30, unakimbilia wapi? Saiba, bila shaka. Pale unamtajia jamaa nambari ya kitambulisho, nambari ya simu na nenosiri lako, huku watu watano wanaongoja zamu yao nyuma yako wakisikia kila kitu. Wakati mwingine nenosiri lenyewe analitunga yeye na kuliandika kwenye daftari lake. Unalipa, unapewa karatasi, unaenda zako. Mwaka ujao ushasahau kila kitu, unarudi kulipa tena.

Simlaumu mwenye saiba. Naye anatafuta riziki. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kujua habari zako zinatumiwaje, lakini daftari lile halina habari na sheria hiyo. Ninachouliza ni hiki: mbona hatufikirii maktaba?

Najua utakachosema. Maktaba ni ya kusomea mtihani: unabeba noti zako, unatafuta kiti karibu na soketi, unachaji simu, unatoka bila hata kumsalimia mkutubi. Kwa wengi wetu maktaba ni meza na kimya tu. Lakini hebu tuangalie hesabu. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, mji wa Ruiru una watu 490,120, wengi kuliko Eldoret au Kisumu. Thika ina 251,407. Hapo unazungumzia watu zaidi ya 740,000, na wengi wao ni vijana wa kupanga waliofuata kazi na masomo kando ya Thika Road. Mwaka wa 2023 serikali ilitangaza kuwa huduma zaidi ya 5,000 zimeingia eCitizen. Sawa, zimeingia. Lakini nani alipewa kazi ya kumfundisha mwananchi kuzitumia mwenyewe? Huduma Centre itakuhudumia, ndiyo, lakini foleni yake haina nafasi ya somo.

Kazi hiyo inamfaa mkutubi kuliko mtu mwingine yeyote. Taaluma yake ni kukuuliza unatafuta nini hasa, kisha kukuonyesha kilipo ili siku nyingine ujiendee. Shida ni kwamba vifaa vya kazi vimebadilika. Mkutubi aliyehitimu 2005 hakufundishwa iTax wala eCitizen kwa sababu hazikuwepo. Na mafunzo yakija, mara nyingi huwa semina ya siku mbili hotelini. Slaidi, chai, picha ya pamoja, cheti. Miezi mitatu baadaye tovuti imebadilishwa sura na kile cheti hakimsaidii kitu.

Kuna njia rahisi zaidi, na si ngeni. Mwaka wa 2006, maktaba ya umma ya Charlotte na Mecklenburg kule Marekani ilianzisha mpango ulioitwa 23 Things. Aliyeubuni, Helene Blowers, aliwapa wafanyakazi wote, sio mabosi pekee, mambo 23 madogo ya kujaribu mtandaoni kwa majuma tisa: fungua blogu, pakia picha, tafuta podikasti. Kila mtu alienda kwa mwendo wake, akaandika alichojifunza, na waliomaliza wakazawadiwa kifaa cha kuchezea muziki cha MP3. Maktaba za nchi nyingine ziliiga. Leo nusu ya vitu vile vimepitwa na wakati, lakini mbinu yenyewe bado ina mashiko: jambo dogo, mara kwa mara, ndani ya saa za kazi, bila kumwaibisha mtu.

Hapa kwetu orodha ingekuwa tofauti. Wiki ya kwanza, kubadilisha nenosiri la eCitizen na kuweka ulinzi wa hatua mbili. Ya pili, kutafuta sheria na hukumu kwenye Kenya Law, bure kabisa, ili mpangaji anayetishiwa kufurushwa aone sheria inasemaje kabla ya kuhama usiku. Ya tatu, Kenya Education Cloud ya KICD kwa mzazi anayehangaika na vitabu vya CBC. Ya nne, kutambua tangazo feki la kazi. Ya tano, kupunguza ukubwa wa PDF kwa simu, manake hilo peke yake limekosesha watu wengi nafasi za kazi.

Halafu kuna hili la akiliunde. Utaniambia vijana tunajua mitandao kuliko mkutubi yeyote. Tunajua kuskroli, hiyo nakubali. Lakini iulize ChatGPT ikupe vitabu na makala kumi kuhusu historia ya viwanda vya Thika, kisha uvitafute kimoja kimoja. Usishangae ukikuta baadhi havijawahi kuandikwa na mtu yeyote: jina la mwandishi linavutia, mwaka upo, kurasa zipo, kitabu hakipo. Anayejua kukagua marejeleo hayo kwa dakika tano ni mkutubi, iwapo amepewa nafasi ya kuizoea programu hiyo yeye mwenyewe.

Wewe unayesoma MKU au Zetech unaweza kudhani haya hayakuhusu. Chuo chako kina maktaba, na vyuo vikuu vyetu huungana chini ya muungano wa KLISC kulipia majarida ya kitaaluma ambayo mtu binafsi hawezi kuyamudu. Umewahi kuyafungua? Harakisha, kwa sababu ukishahitimu na akaunti yako ikafungwa, mlango huo nao umefungwa. Utabaki na digrii, bando la siku moja na maktaba ya umma. Hapo utahitaji mtu wa kukuambia kwamba JSTOR, kwa mfano, humruhusu yeyote aliyefungua akaunti ya bure kusoma makala hadi 100 kwa mwezi mtandaoni. Mtu huyo atatoka wapi kama hakuna aliyempa muda wa kujua?

Wengine watasema tuanze na kompyuta. Kompyuta ni muhimu, na uzinduzi wake hupendeza kwenye kamera. Lakini kompyuta isiyo na mtu wa kukuelekeza huishia kuwa pahali pa kuegemea mkoba. Maktaba ya umma ya Kibera iliwahi kupata sifa kwa kuwafundisha watoto kwa tableti. Tableti zingeweza kukaa kabatini. Zilifaa kwa sababu wakutubi walikaa na wale watoto.

Na saa moja kwa wiki si gharama ya kutisha. Kwa wiki 50 ni saa 50, siku sita na ushei za kazi kwa mwaka mzima. Fungua maktaba saa moja baadaye kila Jumatano, bandika notisi mlangoni, wafanyakazi wakae pamoja na intaneti iliyo thabiti. Anayejua amfundishe asiyejua, hata kama asiyejua ndiye bosi.

Wa kumwambia yupo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linataja maktaba miongoni mwa majukumu ya kaunti. Kwa hivyo hili ni suala la Kiambu, usilisukume hadi Nairobi. Kaunti hutakiwa kuwasilisha mpango wa maendeleo wa mwaka kwa bunge lake kufikia Septemba 1, mkakati wa fedha kufikia Februari 28 na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Ushirikishaji wa umma ni haki yako katika safari hiyo yote. Vikao hivyo hujaa hoja za barabara na taa, na ni sawa, barabara tunazihitaji. Simama useme neno moja la maktaba. Mwambie diwani wako unataka saa ya mafunzo iandikwe kwenye ratiba ya wakutubi na intaneti yake iwekwe kwenye bajeti.

Kabla ya siku hiyo, kuna jambo unaloweza kufanya Jumamosi hii. Panda matatu uende maktaba ya Thika, na badala ya kupita moja kwa moja hadi kwenye soketi, simama kwa meza ya mkutubi. Muulize swali ambalo ungempelekea mtu wa saiba. Akijua, umeokoa pesa na nenosiri lako limebaki lako. Asipojua, vuta kiti mlitafute jibu pamoja, umwonyeshe ile njia ya mkato unayoijua kwenye simu yako. Kisha mwachie msimamizi barua fupi kuhusu ile saa ya Jumatano. Barua moja itawekwa kwenye faili. Zikifika mia, itabidi mtu azijibu.