Tusimzike Mpiga Gitaa kwa Maneno ya Kuazima

Kila afapo mpiga gitaa wa enzi za muziki wa dansi, simu zetu hujaa maneno yaleyale. Tasnia imepoteza nguzo. Pengo lake halitazibika. Msanii mkongwe ametutoka. Pumzika kwa amani, gwiji. Badilisha jina na picha, na taazia hiyohiyo itamfaa mbunge, mchezaji wa Simba au wa Yanga, hata mwenye duka la jumla pale Soko la Kilombero. Taazia inayomfaa kila mtu haimlilii mtu yeyote. Na kwa mpiga gitaa dhuluma hii ni kubwa zaidi, kwa kuwa yeye si kama mwimbaji ambaye ameacha maneno yatakayomkumbusha. Yeye ameacha mlio wa nyuzi, na mlio hauna jina lililoandikwa juu yake. Tusipoutaja sisi tuliousikia, hakuna atakayeutaja.

Tuyapime maneno yenyewe, moja baada ya jingine, kama tulivyozoea kuyapima maneno ya mashairi.

“Mkongwe.” Mbaraka Mwinshehe Mwaruka alizaliwa mwaka 1944, akafariki kwa ajali ya gari huko Mombasa Januari 1979. Alikuwa na umri wa miaka 34. Watangazaji humwita mkongwe hadi leo, na mashabiki huitikia. Mkongwe ni mtu aliyekula chumvi nyingi, mgongo umepinda, meno yamepungua. Mtu wa miaka 34 ni kijana, na uchungu wote wa msiba ule ulikuwa hapohapo: kijana aliyekwisha kuipeleka Morogoro Jazz kwenye maonyesho ya Osaka mwaka 1970, akaunda Super Volcano mwaka 1973, alikatwa katikati ya kazi. Neno “mkongwe” linaufuta uchungu huo kwa mkupuo mmoja.

“Msanii.” Neno zuri kwa asili yake, lakini mitaani siku hizi mtu akisema “acha usanii” anamkemea mlaghai. Hata tukiliacha hilo, msanii ni nani? Mchonga vinyago, mwigizaji, mshairi, mwimba taarabu, wote ni wasanii. Marehemu alipiga gitaa. Tena hakupiga gitaa kwa jumla jumla. Alipiga solo, au rithimu, au besi, na kati ya kazi hizo tatu kuna umbali kama ulio kati ya utenzi na shairi.

“Pumzika kwa amani” nimelizoea nami, siwezi kuwagombeza wanaolitumia makanisani. Lakini tunalo “makiwa”, neno la pwani la kumpa pole mfiwa, lenye undugu na ukiwa, yaani upweke ule unaobaki nyumbani baada ya mtu kuondoka. Nimewafundisha wanafunzi neno hilo kwa miaka mingi, na sijaliona hata mara moja katika rambirambi za wapenzi wa dansi, ambao husema kwamba wanakipenda Kiswahili cha nyimbo za zamani kuliko Kiswahili cha leo.

Na sasa “pengo lisilozibika”, ambalo ndilo linalonikera kuliko yote, maana si kweli. Anayezijua bendi anajua kwamba pengo huzibwa. Jumamosi inafika, ukumbi umejaa, kiingilio kimelipwa, na kijana aliyekuwa akijifunza nyuma ya jukwaa anakaa mahali pa marehemu na kuzipiga noti zake moja baada ya nyingine. Mwaka 1978 Simba Wanyika iliondokewa kwa pamoja na mpiga rithimu wake Omari Shabani, mpiga besi wake Tom Malanga na wenzao, wakaenda kuunda Les Wanyika. Je, Simba Wanyika ilikufa? Ilipiga muziki kwa zaidi ya miaka kumi baada ya hapo. Nafasi hujazwa. Kisichojazwa ni mkono: namna fulani ya kuuchelewesha uzi kwa kitambo kidogo, namna ya kuugusa kwa ncha ya kidole badala ya kuuvuta. Anayelilia pengo hulilia kiti, na kiti kina mtu tayari.

Hapo ndipo nisipoelewana na wenzangu wengi, nao wana hoja ambayo ni haki kuijibu. Husema: msibani si mahali pa uhakiki. Mtu amekufa, wewe unataka kueleza jinsi alivyoshika nyuzi? Toa pole, unyamaze.

Kwanza, sisemi na mfiwa. Mjane na watoto wanahitaji pole, chakula na mtu wa kukaa nao, na kwao maneno machache yanatosha. Nasema na sisi mashabiki, ambao hatukuwa ndugu wa marehemu wala majirani zake. Uhusiano wetu naye ulipita katika gitaa peke yake. Tukiliondoa gitaa katika maombolezo yetu, tunamlilia kama nani?

Pili, mapokeo yetu hayasemi hivyo. Katika fasihi simulizi tunafundisha mbolezi, na kila mwalimu huwaambia wanafunzi wake kwamba mbolezi husifu matendo ya marehemu. Matendo, si cheo. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipoulilia mji wa Pate katika Al-Inkishafi hakusema kwamba Pate imeacha pengo. Alituonyesha vidaka vilivyopangwa vyombo vya kaure jinsi vilivyogeuka viota vya ndege, na popo walivyoning'inia katika nyumba zilizowaka taa. Shaaban Robert alipoandika Wasifu wa Siti binti Saad, uliochapishwa mwaka 1958, hakutosheka na kumwita malkia wa taarabu. Alitueleza habari za msichana aliyeuza vyungu, na sauti iliyosafiri hadi Bombay kutiwa katika santuri. Hao ndio walimu wetu katika jambo hili. Hakuna hata mmoja wao aliyedhani kwamba kutaja kazi ya marehemu ni kumkosea adabu.

Nakumbuka msiba wa Mbaraka ulivyofika Ngarenaro. Nchi ilikuwa vitani na Idi Amin, habari za kila siku zilikuwa za Kagera, na katikati ya hizo Redio Tanzania ikatangaza kifo hicho. Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari. Jioni ile wanaume walikusanyika kwa fundi cherehani mmoja aliyekuwa na redio kubwa, na walichofanya ni kubishana. Huyu anasema gitaa la Morogoro Jazz lilikuwa tamu zaidi kwa sababu lilikuwa jepesi. Yule anasema hapana, Mbaraka alikomaa alipoingia Super Volcano. Mmoja alishindwa kueleza kwa maneno, akaanza kuipiga solo kwa mdomo, tiri-tiri-ti, macho ameyafumba, na wengine wakamsahihisha alipokosea. Mwisho wake alilia. Sikumsikia mtu akisema pengo. Wale hawakuwa na shahada, na taazia yao ilikuwa bora kuliko zote nilizozisoma mwaka huu.

Sasa nije kwenye aibu ya mji wetu wenyewe. Wakazi wengi wa Arusha, kuanzia Sanawari hadi Unga Limited, wanaujua wimbo Sina Makosa. Unapigwa kwenye daladala, unapigwa harusini Tengeru na Usa River, na vijana ambao wazazi wao walikuwa hawajaoana ulipotoka wanauimba mwanzo hadi mwisho. Waulize, watakuambia ni wimbo wa Kenya. Si kosa, Les Wanyika ilikuwa bendi ya Nairobi. Lakini mzizi wa ukoo ule ulipita hapa, chini ya Mlima Meru. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga, waliotoka Jamhuri Jazz, walihamia Arusha mwaka 1970, wakaunda bendi pamoja na ndugu yao William. Bendi hiyo iliitwa Arusha Jazz. Mwaka uliofuata walikwenda Mombasa, na huko ikazaliwa Simba Wanyika. (Ni simba wa nyika, bila shaka, ingawa santuri ziliandika kwa neno moja, mwalimu wa sarufi na ajizuie.) Kutoka Simba Wanyika ikatoka Les Wanyika, na matawi mengine yakafuata.

George Peter alifariki mwaka 1992. Wilson Peter alifuata mwaka 1995, na Simba Wanyika ikafa pamoja naye. Omari Shabani alifariki mwaka 1998, John Ngereza mwaka 2000. Katika muda usiozidi miaka minane ukoo mzima wa wapiga gitaa uliondoka. Waliobeba jina la mji huu walizikwa bila mji kujua kwamba una msiba. Tungejuaje? Mara nyingi karatasi ya santuri iliandika jina la bendi na jina la mtunzi, basi. Mpiga rithimu hakuandikwa. Aliyejua alikuwa shabiki aliyesimama karibu na jukwaa, na shabiki huyo leo ana miaka sabini, themanini. Akifa naye, akiwa amelilia “msanii mkongwe” tu, ujuzi wake unakwenda kaburini.

Kama kuna anayedhani kwamba jina likihifadhiwa inatosha, na apite karibu na uwanja wetu wa mpira. Unaitwa Sheikh Amri Abeid. Waulize wanaotoka uwanjani Jumapili mtu huyo alikuwa nani. Watakaokumbuka watasema alikuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, au waziri wa Mwalimu Nyerere, naye alifariki mwaka 1964. Ni wachache mno watakaokuambia kwamba huyo ndiye aliyeandika Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kitabu cha mwaka 1954 kilichotufundisha wengi wetu mizani na vina. Jina tunalo, kubwa, limeandikwa getini. Kazi imeanguka njiani. Ikiwa mshairi mwenye kitabu amepatwa na hayo, mpiga rithimu asiye na hata mstari mmoja kwenye karatasi ya santuri atapatwa na nini?

Wapo pia wasemao kwamba Kiswahili hakina maneno ya kueleza muziki, ndiyo maana tunakimbilia “gwiji” na “nguzo”. Wenyewe wapiga muziki wangewacheka. Hao ndio waliotupa kucharaza gitaa na kulikung'uta. Hao ndio walioiita “chemko” ile sehemu ya wimbo ambapo hadithi imekwisha kuimbwa na magitaa yanachukua uwanja. Waliita mitindo yao kwa majina ya nyumbani: Sululu na Masika za Mbaraka, Msondo ya NUTA Jazz, Sikinde ya Mlimani Park. Sululu ni chombo cha kuchimbia, masika ni mvua, msondo na sikinde ni ngoma. Kusema kwamba lugha hiyo haina maneno ni uvivu uliovaa suti.

Tuchukue mfano mmoja. Mwaka 2004 tulimpoteza Patrick Balisidya wa Afro 70, na mwaka huohuo tukampoteza Ndala Kasheba. Kasheba alijulikana kwa gitaa la nyuzi 12. Shabiki akiandika kwamba “tasnia imepoteza nguzo”, kijana wa leo hajapata kitu. Akiandika kwamba katika gitaa lile nyuzi zimepangwa mbili mbili, kidole kimoja kikiamsha sauti mbili kwa pamoja, hata mtu aliyefumba macho akadhani wamekaa wapigaji wawili, kijana huyo atakwenda kutafuta wimbo asikilize. Sentensi moja tu, na haina neno hata moja gumu.

Najua nitaambiwa kwamba ni rahisi kukosoa. Basi nami naweka ubeti mmoja, wa mizani kumi na sita, kwa ajili ya Omari Shabani, ambaye wenzake walimwita Profesa. Rithimu yake inatembea chini ya sauti kama mtu anayetembea kwenye njia aliyoizoea, hakimbii wala hasimami:

Solo lilipita mbele, wewe ukabaki nyuma,
Hukutaka makelele, nyuzi zako zikasema,
Miguu ikawa tele, uwanjani ikahema,
Na wimbo ni uleule, mkono umeshahama.

Vina vimekaa, mizani imetimia. Anayeona kwamba mshororo wa tatu umelegea na aukaze, nitamshukuru. Anayemkumbuka mpiga gitaa mwingine ambaye hakuandikwa popote, hasa wa zile bendi zilizopiga katika kumbi za hapa Arusha, na amtungie wa kwake, na aanze kwa kusema alipiga gitaa gani.