Karani wa kodi aliyechora viwanda

Ukisimama Barabara ya Enterprise hapa Nairobi zamu ya mchana inapotoka, utauona umati ukiteremka kwa miguu kuelekea Mukuru, kila mtu na mwendo wake. Wengi wetu hupita hapo ndani ya matatu tukinung'unikia msongamano, tusione cha kutazama. Nami nilikuwa hivyo hivyo, hadi nilipokutana na picha za Mwingereza L.S. Lowry, aliyeutazama umati kama huo karibu maisha yake yote.

Mnamo 1909, pesa zilipoadimika nyumbani kwao, familia yake ilihamia Pendlebury, karibu na Salford, penye viwanda vya pamba na moshi mchana kutwa. Mama yake hakupapenda kamwe. Hata Lowry mwenyewe alipachukia, hadi siku moja, kwa masimulizi yake, alipokosa treni mwaka 1916. Alipogeuka kutoka stesheni, akakiona kiwanda cha Acme kikimwaga wafanyakazi wake barabarani. Akasimama akashangaa.

Sasa sikia kazi aliyoifanya kijana huyo. Tangu 1910 hadi alipostaafu 1952, alikuwa mkusanya kodi za nyumba! Mkusanya kodi sote tunamjua. Akitokea mwisho wa mwezi, watoto huagizwa waseme mama ametoka. Basi ndiye huyo aliyekuwa akisimama pembeni mwa barabara, akitoa penseli na bahasha kuukuu, akichora haraka haraka alichokiona. Rangi alizipaka usiku, mama yake mgonjwa akishalala, pengine hadi saa nane. Alitumia rangi tano tu: nyeusi, nyeupe, nyekundu, buluu na manjano ya udongo. Mwalimu wake, Bernard Taylor, alipomwambia kwamba picha zake zina giza mno, Lowry alikasirika, akapaka ubao mzima rangi nyeupe kisha akachora watu wake juu yake, ili amkomeshe. Kumbe mwalimu alikuwa amesema kweli, na hivyo ndivyo alivyochora hadi mwisho.

Kazi ya kodi aliificha, asije akaitwa mchoraji wa Jumapili. Ilikuja kujulikana wazi baada ya kifo chake mwaka 1976. Kwa maoni yangu, hakuwa na haja ya kuona haya. Mgeni aliyekuja matembezini angechora moshi na machweo ya jua. Karani huyu alibisha milango ile juma baada ya juma, na ndiyo maana katika picha zake mna ugomvi wa barabarani, mtu anayekamatwa, na familia inayofukuzwa huku vyombo vyake viko nje.

Kisha bomoabomoa ikaja. Mitaa ya Salford iliondolewa kwa wingi miaka ya 1950 na 1960, na wala si wote waliolia: nyumba nyingi zilikuwa na unyevu, choo kiko uani. Bandari ilifungwa 1982, na kiwanda cha Acme kikabomolewa 1984. Kwenye gati za zamani leo kuna maghorofa ya vioo, studio ambako BBC ilihamishia baadhi ya vipindi vyake mwaka 2011, na jumba la sanaa lililofunguliwa 2000 na kuitwa The Lowry.

Hata hivyo, tusimfanye mpiga picha. Mara nyingi alitunga: kanisa alilitoa huku, dohani akaitoa kule. Mwenye kutafuta barabara aliyozaliwa ni heri atazame ramani. Lakini ramani haikuandika jinsi watu walivyoinama wakitembea, na hilo Lowry hakulitunga.

Wapenzi wa kandanda watazame picha yake ya 1953, Going to the Match, ya mashabiki wakimiminika uwanja wa Burnden Park wa Bolton Wanderers. Timu ilihama uwanja huo 1997, nao ukabomolewa. Mwaka 2022 jumba la The Lowry liliinunua picha hiyo kwa pauni milioni 7.8.

Juzi nilimnunulia mpwa wangu daftari lisilo na mistari, tukaenda kusimama Enterprise saa kumi na moja jioni. Alinilalamikia, "Mjomba, wanatembea haraka sana!" Nikamwambia aanze na miguu. Ukurasa wa kwanza ni viatu vitupu, na kimoja kimekatika kisigino.