Asubuhi ya Cancún

Cancún, mji wa pwani ya Meksiko ulioanza kujengwa mwaka 1970, umevuma kwa ulevi na ngoma za usiku, nasi tuliwapeleka watoto kwa kusitasita. Kumbe walevi hulala asubuhi! Baada ya Swala ya Alfajiri ufuo ulikuwa wetu. Katikati ya mahoteli tuliyakuta magofu ya El Rey, yaliyojengwa na Wamaya, na juu ya mawe mijusi mikubwa mfano wa kenge ikiota jua. Jioni tuliketi katika bustani ya Las Palapas, ambako wenyeji huja na watoto wao kula mahindi. Kazi ilikuwa chakula: hata maharage mara nyingi hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, basi mzazi, uliza kwanza. Sisi tulishika samaki wa kuchoma siku zote tano. Watoto hawakulalamika ila siku ya mwisho.