Samaki wa Kisima na Kina cha "-fu"

Washairi wenzangu, miaka kadhaa iliyopita nilitunga tarbia ya kuwaasa vijana wapende elimu. Katika ubeti wa tatu nilihitaji kina cha "-fu", nikamtwaa kipofu, nikamfananisha na mjinga, kisha nikamfungia kwa "pungufu". Mizani ilitimia. Nilipomaliza kuughani, mzee mmoja asiyeona, mjuzi wa bahari za ushairi kunishinda, aliniuliza kwa upole: "Mwanangu, pungufu ni mimi au ni kina chako?"

Sikuwa na jibu. Nimeanza kulipata kwa samaki.

Katika maji ya chini ya ardhi huko Somalia yupo samaki aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1924: Phreatichthys andruzzii. Hana macho, hana magamba, na ngozi yake haina rangi. Neno la kwanza la jina lake limeundwa kwa Kigiriki kutokana na "kisima" na "samaki". Aliyemwita hivyo alitazama makao yake. Katika mapango ya karibu na Mbanza-Ngungu, Kongo, yupo mwingine wa jamii hiyohiyo, Caecobarbus geertsii, aliyetangazwa mwaka 1921. La huyu linaanza na neno la Kilatini lenye maana ya upofu. Wote wawili wanaishi gizani, ila mmoja ameitwa kwa kwao na mwenzake kwa kile tunachodhani amekikosa.

Nasema tunachodhani kwa sababu kitenzi chetu "pofuka" kinabeba hasara: palikuwa na nuru, ikaondoka. Kiinitete cha samaki wa kisima huanza kweli kuumba macho, kisha macho hayo hunywea na kutoweka kabla hayajaona chochote. Amepoteza nini?

Hata saa yake si yetu. Sisi Waswahili huihesabu siku kwa jua. Likichomoza, tunakaribia saa moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba saa ya mwilini mwa samaki huyu haishtuliwi na nuru kabisa, na mzunguko wake unafikia takriban saa 47. Lakini mlishe kila siku wakati uleule, naye ataufuata wakati huo. Baada ya zaidi ya miaka milioni moja bila jua, bado anajua lini chakula kinakuja. Sioni ujinga hapo.

Wapo wanaotaka neno "kipofu" lifutwe kwa kuwa ngeli ya KI-VI inamweka mtu pamoja na kiti na kisu. Siwaungi mkono. Kijana na kiongozi nao wamo humo, na upatanisho wa kisarufi unawarejeshea wote utu wao: kipofu amekuja, hatusemi kimekuja. Yule mzee mwenyewe hujiita kipofu bila kusita. Ugomvi wangu ni na tashbihi iliyochakaa, ile ya kuchukua giza na kuliita ujinga kila tunapoishiwa fikra, huku tukijipongeza kwa urari wa vina.

Ule ubeti nimeuandika upya mara nne. Kipofu nimemtoa, na "pungufu" nimemwekea msomaji aliye na macho na kitabu mkononi asichokifungua. Mshororo wa tatu bado unapwaya kwa mizani mbili, na Ijumaa nitampelekea mzee auskie hivyohivyo.